Boga, Mchanga, Papai

Jumatatu, 6 Oktoba

Mawingu yamekusanyika ng'ambo ya mto Tana tangu asubuhi, lakini hayavuki. Joto la leo lingeivisha mkate juu ya bati. Naandikia barazani, kwenye mwanga, kwa kalamu nene, maana kalamu za siku hizi wino wake hafifu.

Nasteho ameanzisha jambo la rangi. Nasteho ni mke wa mwanangu Khalif. Khalif ana kazi ya ofisi huko Wajir na huja mara moja kwa mwezi akijaliwa, kwa hiyo katika nyumba hii ya mtaa wa Galbet tumebaki mimi, Nasteho, na mtoto wao Sagal, ambaye bado anatambaa. Nyumba aliijenga marehemu mume wangu. Kuta za sebule hazijaguswa tangu alipofariki, wala sijawahi kulalamika.

Leo Nasteho amerudi kutoka duka la vifaa vya ujenzi na vikopo vitatu vya kujaribia. Akapaka viraka vitatu ukutani, kimoja kando ya kingine, kila kimoja upana wa sinia.

"Edo, ipi?" akaniuliza. Huniita edo, yaani shangazi, kwa heshima. "Hii ni kama boga lililopikwa, hii mchanga wa mto, hii papai lililoiva."

Nikatazama. Nikasogea, nikatazama tena. Rangi ilikuwa moja. Viraka vitatu vya chai ya maziwa.

Nikasema nitafikiri. Nilipogeuka nikakuta hatazami ukuta. Ananitazama mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Joto. Mawingu yale yale.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jirani yetu Arbia amepita baada ya swala. Arbia hupenda kunisemesha Kiswahili kwa kuwa nilikifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Akasimama mbele ya viraka, mikono kiunoni.

"Ya katikati ni nzuri, mwalimu. Hii ya mwisho habana, inabiga kelele."

Rangi ipi inapiga kelele? Zote zimenyamaza mbele yangu. Nikamwuliza anaona tofauti gani, akacheka, akasema, "Wewe naye, mwalimu, unataka kunibatia mtihani."

Kisha yeye na Nasteho wakaenda jikoni, wakanong'ona. Sikusikia neno hata moja, ila nilisikia kwamba ni kunong'ona. Watu wawili hawanong'oni habari ya unga.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo Nasteho ameniuliza, kana kwamba limemjia tu, "Edo, ile ya boga ni ipi? Nimesahau."

Nikaonyesha ya kushoto, kwa kuwa nilidhani siku ile alianzia kushoto. Akakitazama kiraka. Halafu akasema, "Sawa," na sauti yake ikawa laini mno.

Nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote. Naujua uso wa mtu anayesahihisha, na naijua sauti ya mtu aliyeona kosa akaamua kutoligusa. Nilikuwa nikipimwa. Ninachotaka kujua ni kwa nini.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani ni mimi tu ninayekisoma kwa raha. Nasteho akishika kitabu cha Kiswahili husinzia kabla ya kugeuza ukurasa. Yanayosemwa kwa Kisomali nayatafsiri mwenyewe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemwambia taa ya sebule imechoka. Ameweka nyingine. Hiyo nayo ni bandia, haiangazi chochote. Nasteho anasema inaangaza vizuri.

Jumapili, 19 Oktoba

Sasa nimepata.

Nilikuwa nimejilaza chumbani baada ya chakula cha mchana, mlango haukufungwa sawasawa. Nasteho alikuwa uani akianika nguo za mtoto, simu begani. Nilijua anazungumza na Khalif kwa jinsi alivyokuwa akikata maneno.

"Sangailu?" akasema. Kisha kimya. Kisha, "Kabla mvua haijafunga barabara." Kisha kimya kirefu. Kisha, kwa sauti ya chini, "Asijue kwanza. Akijua atakataa."

Sangailu ndiko aliko kaka yangu Diriye na ng'ombe wake. Naelewa. Wanapaka rangi nyumba ili aingie mtu mwingine, huenda mama yake Nasteho, huenda dada yake anayesoma hapa mjini, na mimi nipakiwe garini kama gunia, nikamalizie siku zangu nikisikiliza ng'ombe wa Diriye. Viraka ni mchezo tu. Mtu akitaka kusema kwamba mkongwe amepoteza akili, humwonyesha rangi moja mara tatu, akangojea ajibu.

Sikula cha jioni. Nikasema tumbo.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempigia Khalif. Nikamwambia, "Kuna mambo yanapikwa huku."

"Mambo gani, hooyo, mama yangu?"

"Sangailu."

Nikasikia kiti chake kikikwaruza sakafu. Kisha akasema, "Hooyo, usijali. Mimi nipo." Akaniuliza habari ya magoti yangu. Mwanangu maskini. Amefunikwa macho na mkewe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Matone ya kwanza. Harufu ya udongo imenipa njaa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Chini ya kitanda cha Nasteho kuna begi. Sikuwa nikipekua, Sagal aliviringisha kijiko kikaingia humo, nikapapasa kukitafuta. Ndani ya begi mna madera yangu mawili, shuka langu, mswaki mpya na kanga yangu ya kuswalia.

"Nimezifua tu, edo," akasema mlangoni, nyuma yangu. Hata sikuwa nimemwuliza.

Nguo zilizofuliwa hukaa kabatini. Nguo za safari ndizo hukaa kwenye begi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nataka niyaandike yakiwa ya moto.

Asubuhi alikuja fundi wa rangi, Dullo, Mborana mpole aliyepaka msikiti wa mtaa wetu. Alibeba makopo matatu makubwa. Nasteho akaniambia, "Edo, kwa kuwa hukuchagua, nimechukua zote tatu. Mchanga sebuleni, boga ukumbini, na papai chumbani kwako. Utalala kwangu siku chache, ikauke."

Chumbani kwangu. Siku chache. Na begi li tayari.

Nikamwambia Dullo afungue makopo. Akayafungua, akayapanga kwenye sakafu ya uani. Nikainama juu ya la kwanza, la pili, la tatu. Chai ya maziwa, chai ya maziwa, chai ya maziwa.

"Dullo," nikasema, "wewe ni Mwislamu. Niambie ukweli. Hizi ni rangi ngapi?"

"Ni tatu, mama."

"Amekulipa useme hivyo?"

"Mama, walaahi ni tatu. Hata mtoto naona."

Arbia alikuwa amekwisha fika, na wanawake wawili wa nyumba ya pili walisimama ukutani. Nikafurahi kwamba kuna mashahidi. Nikachukua lile beseni kubwa la kufulia, nikamimina kopo la kwanza, nikamimina la pili juu yake, nikamimina la tatu. Dullo alipiga kelele kama mtu aliyeona mbuzi anagongwa na gari. Nikachukua mwiko, nikakoroga.

"Tazameni!" nikawaambia. "Kama ni rangi tatu, ziko wapi? Amenunua rangi moja akamwambia mwanangu ni tatu. Huyu ni mwizi. Ananiibia ndani ya nyumba yangu, na akimaliza ataninyang'anya na nyumba."

Nilingoja mtu aseme, naam, mwalimu, umesema kweli. Hakuna aliyesema. Arbia alijifunika mdomo kwa ncha ya shungi. Dullo akaangalia beseni, akasema taratibu, "Sasa ni moja, mama."

Nasteho hakujitetea. Alimwinua Sagal aliyekuwa akitambaa kuelekea kwenye rangi, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimsikia akilia, na nikaandika moyoni kwamba mwenye hatia ndiye hulia.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua kutwa. Hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua. Mto umepanda, wanasema watu wa mashambani wameanza kuhamisha vitu. Nasteho huweka chakula mbele yangu, huondoka. Ugali, mchuzi, chumvi sawasawa. Nachunguza kila tonge kabla sijameza, na naona haya kwa kuchunguza, na nachunguza tena.

Jumatatu, 3 Novemba

Niliamua kutongoja kupakiwa. Kama ni Sangailu, basi nitakwenda kwa miguu yangu na kwa hiari yangu, na Khalif akirudi akute kitanda kitupu, aulize kisa. Mvua ilipopungua asubuhi nikalivuta lile begi, nikavaa jilbabu, nikatoka kwenda kutafuta gari la Ijara, upande wa Sangailu.

Njia ya mbele ya nyumba yetu naijua kama ninavyoijua Fatiha. Lango, mti wa mwarobaini, kisha unavuka kwenda upande wa duka. Lakini leo kila kitu kilikuwa kahawia: njia, ukingo, ukuta, hata mbingu. Nikaona udongo laini mbele yangu, nikaweka mguu. Udongo haukuwapo. Ulikuwa mtaro, umejaa mpaka juu, na maji yake yalikuwa na rangi ile ile ya njia.

Yalinifika kifuani, yananivuta. Jilbabu likawa zito kama ngozi mbichi ya ng'ombe. Begi likaenda zake. Nilipiga ukelele, maji yakaniingia kinywani, nikaonja mchanga na mafuta ya magari, nikaanza kutamka shahada kwa kuwa sikuona kingine cha kufanya.

Kitu kikaanguka majini karibu yangu. "Shika shingo yangu, edo! Usishike mkono, shika shingo!"

Ni Nasteho. Alikuwa amenifuata tangu langoni, amemwacha mtoto kwa Arbia. Akajikaza mguu kwenye ukingo wa saruji, akanisukuma juu kwa bega, na Dullo, ambaye alikuwa dukani, akanivuta kwa nguo kama anavyovutwa ngamia aliyezama topeni.

Amenikogesha kwa maji ya moto. Kifundo cha mguu kimevimba. Alipokuwa akikifunga kitambaa, aliniuliza, "Hukuuona mtaro?"

"Mvua ilinipiga machoni."

"Mvua ilikuwa imekatika, edo." Akafunga fundo. "Nimevaa shungi la rangi gani?"

Nikamtazama. Nilitaka sana kupata. "Kahawia," nikasema.

"Ni zambarau."

Sagal alikuwa akigonga sufuria kwa kijiko, na hakuna aliyemkataza.

"Siku ya kwanza nilikuuliza kwa nia njema," akasema. "Nilitaka uchague. Nilipoona unatafuta tofauti ukutani na huipati, nikaogopa. Mara ya pili nilikujaribu, hilo ni kweli, nisamehe. Nikaenda kumwuliza daktari wa macho. Akasema bila shaka ni mtoto wa jicho, ukungu tu, unatolewa, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini wewe husema hospitali ni mahali ambapo baba yake Khalif aliingia akitembea akatoka amebebwa. Nikasema, asijue kwanza. Nitafute siku, niandae begi, Khalif aje atusaidie kukuomba."

Nikasema, "Na Sangailu?"

Akainua beseni la maji machafu. "Hilo usiniulize mimi," akasema, akatoka.

Alhamisi, 6 Novemba

Mguu unauma. Nimekuwa nikifikiri juu ya neno "mimi". Kama si yeye wa kuulizwa, ni nani?

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempigia kaka yangu Diriye. Mtandao wa Sangailu huja na kwenda, lakini leo Mungu aliuacha ukae, huenda ili nisikie vizuri.

"Chumba chako bado kiko, dada," akasema, furaha tele. "Khalif alinipigia tena na tena. Alisema huoni, utachoma nyumba na mtoto ndani, na dawa ya uzee ni kukaa na ndugu. Nikamwambia mlete. Halafu mkewe akapiga. Huyo msichana! Akaniambia, 'Abti, mjomba wetu, nakuheshimu, lakini ukimpokea nitakuja kumchukua siku hiyo hiyo.' Sasa nimebaki sijui nimsikilize nani."

Nikamshukuru. Nikamuuliza habari ya ng'ombe, akanijibu kwa urefu, sikusikia jibu lake hata kidogo.

"Usijali, hooyo. Mimi nipo." Ndivyo alivyosema Khalif.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwambia Nasteho nitakwenda hospitali. Sikumwambia nilichokisikia kwa Diriye. Nimemtumainia mtu mmoja na kumshuku mwingine, na nimekosea kwa wote wawili; nahitaji muda kabla ya kufungua mdomo tena.

Jumatano, 12 Novemba

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. Naandika kwa kupapasa. Nasteho alinisomea Ayatul Kursi mpaka mlangoni.

Ijumaa, 14 Novemba

Wametoa bandeji jana. Nilidhani ukuta wa hospitali umepakwa buluu. Muuguzi akacheka, akasema ni mweupe, wote husema hivyo.

Halafu nikamwona Nasteho. Sikuwa nimemwona muda mrefu na sikujua kwamba sikuwa nimemwona. Amekonda. Chini ya macho pana giza, na kwenye mkono wa kulia pana alama ya kuungua, ndefu kama kidole. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema ni sufuria, si neno.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa sebule. Boga. Mchanga. Papai. Zinafanana kama mabinti wa mama mmoja wanavyofanana: ukiwajua, huwezi kuwakosea majina. Ile ya papai kweli inapiga kelele. Uani, beseni bado limekaa na kile nilichokipika, kimekauka na kupasuka, rangi ya mtaro.

Nikamfuata Nasteho jikoni, nikamwambia, "Nasteho, nisamehe."

Nilidhani atasema, imekwisha, edo. Akasema, "Uliniita mwizi mbele ya watu." Sauti yake haikuwa kali. "Msamaha unaniomba hapa jikoni, ambapo hakuna mtu."

Jumapili, 16 Novemba

Nimewaita Arbia, Dullo na wale wanawake wa nyumba ya pili, nimewapikia chai na mahamri. Walipoketi nikasimama, kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya darasa.

Nikasema, "Siku ile nilisema hapa pana mwizi. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtu asiyeona, na alikuwa mimi. Nasteho hakuchukua kitu changu. Dullo hakusema uongo. Rangi zilikuwa tatu."

Arbia akaanza kulia, kwa kuwa Arbia hulia kwa lolote. Dullo akasema, "Mama, mimi sikukasirika. Ile rangi tu naonea huruma."

Nasteho alikuwa akimimina chai. Kikombe changu alikijaza mwenyewe, akakileta mpaka mkononi.

Jumamosi, 22 Novemba

Khalif amekuja kutoka Wajir na samli na tende. Akanikumbatia, akanishika uso, akatazama jicho langu. "Unaona? Nilimwambia Nasteho, hooyo lazima apelekwe hospitali, hata iweje."

Jicho jipya halina adabu. Lilimwona akitazama mlango wakati akisema. Lilimwona Nasteho akikaza midomo.

Nikasema, "Abti yako Diriye anakusalimu. Anasema chumba kiko tayari."

Akaweka kikombe chini. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta jibu na hajui swali limefika wapi. Kisha akaacha kutafuta.

"Niliogopa, hooyo. Mwezi wa nane uliacha gesi ikiwaka. Sagal alikuwa amelala chumba cha pili. Nasteho alikimbia kuifunga, akaungua. Nikiwa Wajir kila simu ikilia nadhani ni habari ya moto."

Sikujua. Nikamgeukia Nasteho, akaangalia chini. Kumbe ile sufuria ilikuwa mimi.

"Ulikuwa na haki ya kuogopa," nikamwambia Khalif. "Lakini ungeniambia mimi, mwenye macho. Ulimwambia Diriye, ukamwambia mkeo, na mimi ukaniuliza habari ya magoti. Na leo umekuja kuchukua sifa ya mwenzako mbele yake."

Akafunika uso kwa mikono. Baadaye nilimsikia akimwomba mkewe radhi kwa sauti ya chini, na mara hii sikutega sikio.

Nampenda. Namwamini nusu. Nusu nyingine nitakuwa nikiiangalia.

Alhamisi, 27 Novemba

Khalif amerudi Wajir. Mvua imepungua. Mbu.

Jumamosi, 29 Novemba

Dullo amerudi na brashi zake. Rangi ya safari hii nitainunua mimi, lakini kabla ya kwenda dukani tulisimama sote mbele ya viraka ili tuamue ya sebule.

"Boga," nikasema. "Ina joto. Ukuta wa boga hukaribisha mgeni."

Nasteho akainamisha kichwa upande mmoja. Nilijua atakachosema: sawa, edo. Amesema sawa, edo, tangu aolewe.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni mbaya, edo. Ikipigwa na jua la alasiri tutakaa kama tumo ndani ya sufuria."

"Mchanga nao umepooza! Ni ukuta wa ofisi."

"Afadhali ofisi kuliko sufuria."

"Nyumba nzima ikae kama ofisi ya chifu?"

"Na wageni wako wakae wakitokota?"

Alikuwa amenyoosha kidole ukutani, sauti imepanda, macho yanang'aa, na hakuwa akinisahihisha wala kunihurumia. Alikuwa ananipinga tu, waziwazi, kama mtu anavyompinga mtu. Nami nikapandisha yangu. Sagal akatushangaa. Tulibishana mpaka Dullo akageuza kopo tupu, akaliketia, akaomba aletewe chai.